Kutoka Ghorofa ya Tatu hadi Mnazi Mmoja, na Somoe Ndani ya Turubai

Ndugu zangu wa Kashai, tangu nirudi chumbani kwangu Buguruni simu haijanyamaza. Kila mmoja anauliza, "Ma Koku, ilikuwaje huko Dar?" Nikimaliza kumsimulia huyu, mwingine anapiga, na nikirudia sana najikuta naruka mambo ya Somoe kwa sababu mbavu zinauma kwa kucheka. Basi naandika mara moja, msomewe wote. Niliishia darasa la nne, mwandiko wangu mnaujua, msianze.

Mtasema Kariakoo mpaka Mnazi Mmoja si safari, mtu anatembea huku anakula embe na anafika kokwa haijaisha utamu. Siku za kawaida ni kweli. Siku ile ya tetemeko tuliondoka chai ya asubuhi ikiwa bado ya moto, tukafika watu wameshatoka kuswali alasiri. Hiyo kwangu ni safari. Nimewahi kupanda basi la kuja kwenu likaharibika Kahama, na halikunichosha hivyo.

Waliokufa siku ile jijini Mungu awarehemu, hao sina mzaha nao. Mimi naandika ya jengo letu tu. Na majina nitataja, kwa sababu mimi nimeshachoka na msiba ambao kila mtu anasema ni mipango ya Mungu, na aliyeziba njia yupo, anakunywa soda.

Mfuko chini ya cherehani

Mnajua kilichonileta Dar. Lile tetemeko la kwetu lilipopiga, mimi na marehemu baba Koku tulitoka nje wazima, hatuna hata mchubuko. Tukasimama uwanjani peku. Akasema, "Ngoja nichukue viatu." Viatu! Akaingia, ardhi ikatikisika mara ya pili, ukuta ukamlalia. Na ule ukuta ulijengwa na fundi Bagenda kwa matope, akapaka simenti juu ili tudanganyike. Bagenda, kama na wewe unasomewa hapo, umesikia.

Kwa hiyo nilipofika Kariakoo kushona sare za shule na mapazia, ghorofa ya tatu, nilikuja na akili yangu. Chini ya cherehani nikaweka mfuko: maji, tochi, filimbi, raba pea mbili za kuvaa, na kopo la senene mlionitumia. Kabati la nyuzi nikalifunga ukutani kwa waya. Meza ya kukatia nikamwomba seremala aiongezee miguu minene.

Somoe, shoga yangu tunayeshona naye, mtu wa Lindi, mwili wake Mungu hakubania, alikuwa hana raha asiponitania.

"Jamani karibuni," anawaambia wateja, "huyu ndiye Mama Tetemeko. Ukikohoa tu anaingia mvunguni."

"Cheka, Somoe."

"Nacheka, ndiyo. Huku pwani ardhi yetu ina adabu, haitikisiki. Hiyo ya kwenu inawashwa na panzi mnaowala."

Panzi ndiyo senene, mnaona dharau hiyo.

Kero yangu nyingine ilikuwa chini. Duka la chini lina Aloyce, Mchaga wa Kibosho, muuza mitumba wa jumla. Kila mtu anamwita Mangi. Stoo yake ilijaa, akaanza kupanga mabelo ya mitumba kwenye ngazi. Kwanza moja. Halafu moja kila kona. Mwisho wake tukawa tunapanda ubavuubavu kama kaa. Nilimwambia, "Mangi, siku ardhi ikitikisika tutatokea wapi?" Akanijibu, "Mama Koku, mimi natikiswa na kodi ya jengo, hayo mengine sina nafasi nayo." Watu wakacheka. Somoe alicheka mpaka akashika ukuta.

Mungu naye ana utani wake. Haikupita muda Somoe akateleza bafuni kwake, mguu ukavunjika, ukafungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kuanzia kwenye unyayo mpaka juu ya goti. Akawa anakuja kazini kwa mkongojo, anapandishwa ngazi na wapagazi wawili, wanamtukana kimoyomoyo.

Kutoka chini ya meza hadi kwenye ngazi

Siku yenyewe tulikuwa tunakunywa chai na chapati. Nikaona chai yangu inacheza kwenye kikombe. Somoe akasema, "Lori hilo." Mimi nilishajua. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa.

"Mvunguni!"

"Koku, usianze…"

Nilimvuta kwa gauni. Mkisikia chapati iliruka, iliruka kweli. Tukaingia chini ya meza ya kukatia, hogo limebaki nje kama mlingoti. Halafu jengo likaanza kuongea. Vioo, makopo, cherehani zinatembea zenyewe kwa miguu yao ya chuma. Kabati la nyuzi likavuta waya, likavuta, likabaki palepale. Hapo katikati ya balaa lote nikamwambia Somoe, "Umeona waya?"

Akanijibu, "Laa ilaaha illallah," na sikumlaumu.

Likatulia. Vumbi mpaka huoni mkono wako. Nikajipapasa, nikampapasa, wazima. Nikavaa raba zangu. Somoe nikamvalisha raba moja, mguu mwingine hogo linatosha.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Litarudi. Kwetu lile la kwanza lilitupa salamu, la pili ndilo lililomchukua baba Koku. Tuwe nje kabla halijarudi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Somoe alinisikiliza, akaninyooshea mikono nimwinue.

Nikachukua filimbi, nikasimama dirishani, nikapuliza kwa nguvu zote, ili watu wa jengo lote watoke nje, na wa barabarani wajue huku kuna watu. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Nikachungulia chini nione watu wanavyotoka.

Walikuwa wanaingia.

Ngazi za Mangi

Hapa inabidi niwaeleze nyie wa Kashai, maana wa Kariakoo wanajua. Mbele ya jengo letu wanapanga machinga, bidhaa zao juu ya turubai, na kila kona ya turubai ina kamba. Mgambo wa jiji wakionekana kwa mbali, anayelinda anapuliza filimbi. Machinga anavuta kamba zote pamoja, turubai linakuwa furushi, anakimbilia kwenye ngazi zetu. Mangi anafunga geti kwa nje, anatia kufuli, anaketi kwenye kigoda mbele yake anachokonoa meno. Mgambo wakimuuliza, anasema, "Hapa machinga? Sijaona." Wamezoeana hivyo miaka yote, na mimi sina ubaya nao kwa hilo. Watu wanatafuta riziki.

Sasa kiongozi wao anaitwa Shamte, mtu mzima mwenzangu, muuza mikanda na soksi. Baadaye nilimuuliza, "Shamte, ardhi imetikisika hivyo, mabango yanaanguka, wewe ukakimbilia ndani ya jengo?"

Akasema, "Mama, tulihisi ardhi inatikisika, tukajua leo wamekuja na magreda. Na filimbi hiyo hapo ikalia."

Sawa. Filimbi nilipuliza mimi. Lakini filimbi ni ya kuokoa watu, dunia nzima inajua, ni Shamte na wenzake walioigeuza matumizi. Hilo nimemwambia usoni na sirudi nyuma.

Basi sisi tunashuka. Somoe anashuka kwa makalio, ngazi moja moja, hogo mbele, mimi nyuma nimemshika makwapa. Kila belo tukilikuta tunalizunguka, anasema, "Mangi, Mungu anakuona." Tukafika ghorofa ya pili, tukakutana na mafurushi yanapanda. Chini ya kila furushi kuna mtu anahema.

"Rudini chini!" nikapiga kelele.

"Mama, nyamaza, watakusikia mgambo!"

"Mgambo gani? Ni tetemeko!"

"Tetemeko la nini?"

Somoe, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi kama malkia, akanguruma, "La ardhi, mbwiga wewe! Hukuona? Ulifikiri nini, ngoma?"

Wakatazamana. Kipande cha plasta kikaanguka kutoka juu kikampiga mmoja begani, ndipo kauli ya Somoe ikawaingia. Wakageuka wote kwa pamoja, mafurushi yakakwama kwenye mabelo, mabelo kwenye ukuta, na watu katikati. Waliofika chini wakakuta geti lina kufuli.

"Mangi! Fungua!"

Kigoda kilikuwepo. Kijiti cha meno kilikuwepo. Mangi hakuwepo. Alishatia kufuli kama kawaida, na plasta ilipomdondokea na yeye alikimbia na watu wa mtaani kwenda uwanja wa Mnazi Mmoja, ufunguo mfukoni. Kwa hiyo andikeni: Aloyce, kosa la kwanza mabelo, kosa la pili ufunguo.

Roshani

Madirisha yote ya jengo letu yana nondo, isipokuwa roshani ya ghorofa ya kwanza, inayotazama barabara, na huko ndiko tulikokimbilia sote. Si juu sana, lakini mtu akiruka kwenye lami anavunja kitu. Somoe alishavunja tayari.

Shamte akachungulia chini, akachungulia nyuma kwenye ngazi, akasema, "Mama, si kuna mabelo?"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeyachukia yale mabelo kuliko madeni. Na pale ndipo yalipoanza kupita mikononi mwa watu, kutoka kwenye ngazi hadi roshani, na kutupwa chini, puu, puu, yakipasuka, mpaka likawa godoro la nguo za Ulaya katikati ya barabara. Machinga wakaanza kuruka. Mmoja alizama mpaka kiunoni, akaibuka ana sidiria shingoni, barabara nzima ikamshangilia.

Ikabaki zamu ya Somoe.

"Siruki," akasema. "Niacheni. Nitasubiri zimamoto."

"Somoe, litarudi."

"Kwanza mkongojo wangu umebaki juu. Koku, nenda kaniletee."

Hapo niliishiwa utani. Nilimshika kidevu, nikamwambia, "Mimi nilikuwa na mume. Alirudia viatu. Usinirudishe juu, Somoe. Na mimi sitoki hapa bila wewe. Kwa hiyo chagua, wote tukae au wote tuende."

Akanitazama. Akasema taratibu, "Mnanibebaje sasa? Mimi si furushi."

Shamte akamwaga mikanda na soksi zake zote sakafuni. Mali yake yote. Akatandika turubai. "Bi mkubwa," akasema, "leo wewe ni furushi. Ingia."

Tukamviringisha ndani. Kamba nne, watu wanne, vuta pamoja, kona zikakutana juu ya kichwa chake, likabaki hogo limechomoza. Wale watu walikuwa wamefanya kazi ile maisha yao yote wakikimbia mgambo, fundo halikuteleza hata moja. Wakamshusha polepole nje ya roshani, wanaimba "Taratibu, taratibu, mzigo wa Mangi," na sauti kutoka ndani ya turubai inajibu, "Nitawashitaki nyote! Kamba inaniharibia hina!"

Akatua kwenye mabelo. Nami nikaruka nyuma yake, na umri wangu huu, mfuko kifuani. Shamte alikuwa wa mwisho.

Tulikuwa hatujavuka upande wa pili wa barabara likarudi. Fupi, kali. Ngazi zetu zilianguka ndani ya jengo, tukazisikia moja baada ya nyingine, kama mtu anateremka mbio. Vumbi likatoka kwenye geti lililofungwa, likatufikia miguuni.

Halafu Somoe, bado ndani ya turubai, akauliza kwa sauti ndogo, "Koku. Upo?"

"Nipo."

"Nishike mkono."

Nikamshika.

Msimbazi, na msiba usio na maiti

Njia fupi ya kwenda uwanjani ilizibwa na mabango na nyaya za umeme, na nyaya hizo hakuna aliyetaka kujua kama zina moto. Tukalazimika kuzunguka kwa Msimbazi, tushike barabara ya Uhuru. Shamte akapata mkokoteni ulioachwa na mwenyewe, tukampakia Somoe. Kwa ajili ya vumbi nikamfunika khanga mpaka usoni.

Mtaa wa Msimbazi ulikuwa umejaa watu mpaka hakuna pa kuweka mguu. Mtu kabeba sanamu ya dukani yenye gauni la harusi, ameikumbatia kama bibi yake. Mwingine kabeba mzani. Tukasimama. Tukasubiri. Tukasogea kidogo, tukasimama tena. Jua la Bongo mnalijua.

Ghafla nikaona njia inafunguka. Wanaume wanasogea pembeni, wanavua kofia. Mmoja akamgusa Shamte bega, "Pole, ndugu, nipishe na mimi," akashika mkokoteni. Akaja mwingine akapokea. Tukaanza kwenda kasi. Nikadhani huo ndio ukarimu wa siku ya taabu. Mpaka mwanamke mmoja akanijia na machozi, akaniuliza, "Dada, ni nani aliyetutangulia?"

"Hajatutangulia," nikamjibu, "tunaenda naye."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Akanikumbatia. Nyuma yangu nikasikia watu wengi wanasema "Innalillahi," nikageuka, nikaona tuna msafara mrefu wa mazishi.

Kabla sijapata la kusema, khanga ikazungumza.

"Koku, nasikia harufu ya mihogo ya kukaanga."

Aliyekuwa anasukuma aliachia mkokoteni akaruka hatua ambayo sijaona kijana akiruka. Watu wakapiga mayowe. Somoe akaketi, uso umejaa vumbi jeupe, na hilo halikusaidia chochote. "Mna nini?" akauliza. "Mimi mzima! Nina njaa tu!"

Kicheko kilichozuka pale Msimbazi, nadhani kilisikika Ilala Boma. Watu walicheka huku wanalia, wameshikana. Lakini msiba ulipokwisha na njia ikajifunga. Tukakwama palepale, hakuna anayetupisha.

Mzee mmoja wa kanzu, aliyekuwa ameongoza dua kwa dhati, alijifuta machozi, akamwinamia Somoe. "Binti yangu," akasema, "lala tena. Mungu anaona njia haipitiki."

"Shikamoo baba," akasema Somoe.

"Marahaba. Jifunike."

Akajifunika. Tukaenda hadi Uhuru bila kusimama. Ila mihogo tulinunua, nikampitishia kwa chini ya khanga.

Mnazi Mmoja

Uwanjani Kariakoo yote ilikuwa imehamia, imejipanga kama ilivyokuwa mtaani: wauza vitenge na wauza vitenge, wauza simu na wauza simu. Mama mmoja wa Kimakonde alishawasha moto kwa mbao za makreti na kuinjika wali, anagawa kwa yeyote mwenye kitu cha kupokelea. Sisi tulipokea kwa mfuniko wa sanduku. Ulipoisha tulikuwa bado na njaa, nikafungua mfuko wangu, nikatoa kopo la senene.

Somoe akatazama pembeni. Halafu akatazama kopo. Halafu akafumba macho, akasoma bismillahi ndefu kuliko ya kawaida, akatia moja mdomoni kama anayemeza kwinini.

"Vipi?" akauliza Shamte.

Akatafuna. "Zina chumvi," akasema. Mkono ukarudi kwenye kopo.

Ndipo nikamwona Mangi. Anapita katikati ya watu, shati limechanika, amekunja ngumi, anatuita kwa majina. Alipotuona akapiga magoti pale kwenye majani, analia kama mtoto.

"Nimefungua geti," akasema. "Mama Koku, nilirudi, nimefungua geti. Nikakuta kifusi. Nikachimba. Nilijua mpo chini."

Akafungua ngumi. Ufunguo ulikuwa humo, na kucha zake zilikuwa zimeng'oka, vidole vina damu na vumbi.

Maneno ya kumwambia Mangi nilikuwa nimeyapanga miaka mingi, yamekaa mdomoni yamejipanga foleni. Nilitazama zile kucha. Nikampa chupa ya maji. Somoe akamsogezea kopo, "Kula panzi, Mangi, hazina mfupa." Yale maneno nimeyaweka, ndiyo ninayoyaandika hapa leo: Aloyce, umekosea. Mimi kukupa maji hakujafuta.

Akauliza lakini, baada ya kunywa, "Na mabelo yangu?"

Tulicheka sote, na yeye pia.

Kurudi

Sasa tunashona kwenye jengo jingine, vyumba vya chini, mlango wazi barabarani. Mangi tumepanga naye jengo hilohilo. Wiki aliyoleta mzigo wa kwanza aliweka belo moja kwenye korido, "kwa muda tu". Somoe, ambaye hogo lake lilishatolewa lakini mkongojo ameung'ang'ania, alilipiga lile belo mkongojo mpaka Mangi mwenyewe akalibeba. Shamte tumemchangia, ana mikanda tena, na turubai lilelile. Filimbi sasa ni ya ardhi peke yake. Mgambo wakija, machinga wanapiga sufuria, na wapangaji wote tunakereka sawasawa.

Somoe hajawahi kuniambia nilikuwa sahihi. Hata mara moja. Wateja wakija bado ananiita Mama Tetemeko, na bado anacheka.

Ila juzi nilikuwa natafuta mkasi, nikachungulia chini ya cherehani yake. Nikakuta mfuko. Nikaufungua. Maji, tochi, tasbihi, na raba. Raba mbili zake, na pembeni raba mbili za saizi yangu, mpya, kamba zimeshatiwa. Nikajua ni za nini. Ni ili mimi nisirudi ndani kufuata viatu.

Na kopo la senene. Nikalitikisa, halina kitu. Tetemeko halijaja, shoga yangu kazimaliza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkinitumia safari hii, tumeni makopo mawili. Na moja mliandike jina la Somoe, maana la kwangu analijua lilipo.